Uzito Umeganda Mwezi wa Kumi: Tabia Zipi Zibaki na Zipi Ziachwe?

SWALI

Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina umri wa miaka 43 na watoto watatu. Mwaka jana nilipokwenda kupima presha niliambiwa nina kilo 96, na kwamba nisipoangalia nitaingia kwenye kisukari, ugonjwa uliomchukua baba yangu. Nikaacha soda, nikaacha sukari kwenye chai, chapati na maandazi nikayasahau, na kila alfajiri nikawa natembea kuelekea Raskazone kabla ya kwenda kazini. Miezi mitano ya mwanzo kilo zilishuka hata ikabidi magauni yangu yapelekwe kwa fundi. Sasa ni mwezi wa kumi tangu nianze, nina kilo 81, na kwa miezi miwili na zaidi mizani haishuki. Linalonitisha zaidi ni njaa, kwa maana nasikia njaa kuliko nilivyosikia nilipokuwa mnene. Nyumbani nako mama mkwe kila akija ananiuliza kama naumwa, na shuleni wenzangu wananong'ona. Naomba uniambie nimekosea wapi, na kama itanilazimu kuishi kwa kujinyima namna hii maisha yangu yote.
Mwalimu, Tanga

JIBU

Mwalimu, hakuna mahali ulipokosea. Uliyoyaeleza huwapata wengi wanaofika mbali kama ulivyofika wewe, na kwa bahati mbaya ndipo wengi wao hukata tamaa wakarudia uzito wa zamani, wakiamini kwamba wameshindwa. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Mwili wa kilo 81 hauhitaji chakula kilichohitajiwa na mwili wa kilo 96. Kila hatua unayopiga sasa inabeba kilo 15 pungufu, na kwa sababu hiyo matembezi yale yale ya Raskazone yanatumia nishati kidogo kuliko ulipoanza. Juu ya hilo, mwili wenyewe hubana matumizi, kama nyumba iliyopunguziwa mshahara. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba mtu aliyepungua asilimia 10 ya uzito wake hutumia nishati chini ya kiwango ambacho mwili wake mpya ungetarajiwa kutumia. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, wakaonyesha upande wa njaa: waliwapima homoni watu waliopungua kwa lishe kali ya wiki 10, wakawapima tena baada ya mwaka mmoja, na wakakuta leptini, inayouambia ubongo kuwa akiba ya mwili inatosha, bado iko chini, na ghrelini, inayochochea njaa, bado iko juu kuliko mwanzo. Watu hao wenyewe walisema wanasikia njaa zaidi kuliko kabla ya kupungua. Njaa yako, basi, ina chanzo ndani ya damu yako, na wala usiiite uroho.

Tukilijua hilo, swali lako la tabia linapata sura nyingine. Tabia ulizoanza nazo karibu zote ni za kuacha: umeacha soda, umeacha sukari, umeacha chapati na maandazi. Kuacha kunafaa sana miezi ya mwanzo, wakati hamu ya mabadiliko ni kubwa na mizani inakulipa kila wiki, lakini ni tabia inayodai ulinzi wa kila siku, na mtu aliyechoka, aliyefiwa, au mwenye mitihani ya kusahihisha hawezi kulinda kila siku. Inayodumu miaka ni ile iliyokwisha kuingia kwenye mpangilio wa nyumba, kwa maana ya kinachonunuliwa sokoni, kinachopimiwa sufuriani na saa ya kupakua, ambayo haingoji wewe uwe na nguvu ya kukataa.

Chai bila sukari iache kama ilivyo. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja na vijiko vidogo vitatu vya sukari, ni takriban gramu 36, wakati Shirika la Afya Duniani linasema faida kubwa zaidi inapatikana mtu akibaki chini ya gramu 25 kwa siku. Ulimi wako umekwisha kuzoea, na nadhani ukionja leo chai ya zamani utaiona imezidi utamu. Tabia ya namna hiyo haikugharimu tena kitu, na sioni sababu ya kuirudisha nyuma. Chapati ni habari nyingine. Chakula ambacho mtu amekizoea tangu utotoni, na ambacho watoto wake wanaendelea kukila mbele yake, hakisahauliki. Hukaa kikimngoja hadi siku ya udhaifu, na siku hiyo haliwi kipande kimoja. Mimi ningekushauri uirudishe chapati nyumbani kwa siku maalumu, kwa mfano Jumapili, moja, pamoja na maharage au kunde, na upewe nafasi ya kuila bila hatia.

Kuna jambo ambalo barua yako haikulitaja hata mara moja, nalo ni mafuta na nazi. Kwa uzoefu wangu wa kuwahudumia watu wa Pwani, uzito unapoganda ndipo pa kuangalia kwanza. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120, ambazo ni sawa na vijiko vidogo saba na nusu vya sukari. Mtu anaweza kuwa ameacha sukari yote ya siku, kisha akairudisha bila kujua kwa samaki wa kukaanga na mboga iliyokaangwa kwa mafuta yaliyomiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Sikuambii uache wali wa nazi, kwani hakuna atakayekusikiliza Tanga nzima. Nakuomba mafuta yapimwe kwa kijiko kabla ya kuingia sufuriani, yeyote anayepika, na siku za kawaida mchuzi upikwe kwa tui la pili, tui zito likiwekewa wageni na sikukuu. Samaki wa kupaka au wa kuchoma achukue nafasi ya wa kukaanga siku nyingi za wiki. Mabadiliko haya hayaonekani mezani, watoto hawayalalamikii, na ndiyo ninayoyaita tabia za nyumba.

Vilevile kipimo cha wali huongezeka polepole bila mwenyewe kutambua. Upawa wa mwezi wa kwanza ulikuwa mmoja, wa mwezi wa nne ukawa mmoja na wa nyongeza, na sasa njaa inausukuma mkono. Kwa wiki mbili tu, pima tena kama ulivyopima ulipoanza, halafu ujaze nafasi inayobaki kwa vitu vinavyokawia tumboni: dagaa, mayai, maharage, choroko, mchicha, matembele. Vyakula vyenye protini vinashibisha zaidi, na pia vinasaidia kuulinda msuli, maana kilo zilizopotea hazikuwa mafuta matupu. Kwa kawaida sehemu yake, hata robo, huwa ni msuli na tishu nyingine zisizo mafuta. Kwa ajili hiyo hiyo ongeza mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki. Huhitaji ukumbi wala mashine: kuketi na kuinuka kwenye kiti bila kushika popote, kujisukuma ukutani, kuinua madumu madogo ya maji, kila moja mpaka misuli ichoke.

Sasa nije kwa mama mkwe, ambaye nadhani ana uzito mkubwa katika jambo hili kuliko chapati. Kwetu mwili mnene umekuwa ushahidi wa ndoa yenye raha na nyumba yenye chakula, na kizazi chake na changu tulishuhudia, miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ukiwakondesha ndugu na majirani hadi kaburini. Mtu wa rika lake anapokuona umepungua kilo 15 anaogopa, hata kama maneno yake yanachoma. Usimkwepe. Keti naye, umweleze kwamba daktari ndiye aliyekushauri, umkumbushe kisukari cha baba yako, na ikiwezekana umwonyeshe kadi ya vipimo vya presha ya zamani na ya sasa. Nimeona akina mama wakwe waliokuwa wakilazimisha kijiko cha nyongeza wakageuka kuwa walinzi wa kwanza wa mkamwana wao, na wengine wakaanza wenyewe kupunguza chumvi. Kwa wenzako shuleni, jibu fupi linatosha: "Mimi mzima, nashukuru, nimeamua kutunza afya." Huna deni la maelezo zaidi.

Kwenye shughuli, ambako chakula huletwa kwa sinia, ni vigumu kujua umekula kiasi gani, kwa kuwa upande wako hujazwa na mwenyeji asiyetaka uone pamepungua. Usikatae kuketi, kwani kukataa kunaumiza watu na hakujengi tabia yoyote. Anza na kachumbari na kipande cha nyama, tafuna taratibu, zungumza, kisha uwe miongoni mwa watu wa kwanza kunawa. Aliyekwisha kunawa hakaribishwi tena kwa nguvu, na heshima ya mwenyeji inabaki palepale.

Uliuliza kama utajinyima maisha yote. Kujinyima, hapana. Kuangalia, ndiyo. Marekani kuna daftari la watu waliopungua kilo 13 na nusu hivi au zaidi na kuudumisha uzito huo kwa mwaka mmoja au zaidi, lililoanzishwa mwaka 1994 na watafiti Rena Wing na James Hill, ambalo limeandikisha zaidi ya watu 10,000. Ni watu waliojiandikisha kwa hiari, kwa hiyo siwafanyi kuwa kipimo cha ulimwengu mzima, lakini yanayofanana kati yao yanafundisha: wengi wao wanakula asubuhi kila siku, karibu robo tatu wanajipima uzito angalau mara moja kwa wiki, na kwa wastani wanafanya mazoezi karibu saa moja kwa siku. Saa moja ni nyingi kwa mwalimu mwenye watoto, najua. Igawe: ile ya alfajiri ibaki, na jioni rudi kwa miguu sehemu ya njia badala ya kupanda bodaboda mpaka mlangoni.

Mizani iwe mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya chai, kwa kuwa maji peke yake yanaweza kuupandisha uzito kilo moja au mbili kati ya siku na siku. Tumia pia utepe wa fundi cherehani kwenye kiuno, kwani kiuno kinaweza kupungua wakati kilo zimesimama, na kwa mwanamke sentimita 80 ndipo hatari inapoanza kuongezeka. Kisha jiwekee uzito wa tahadhari, kwa mfano kilo 83. Ukiufikia, rudia kupima wali na mafuta kwa wiki mbili bila kungoja ufike 90.

Ushauri wangu wa mwisho kwako huenda utakushangaza: kwa miezi mitatu ijayo usitafute kupungua. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, uliowahusisha watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kisukari, ulionyesha kwamba waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata ugonjwa huo kwa asilimia 58. Kwako asilimia 7 ingekuwa kilo 7 tu, na wewe umepunguza mara mbili yake. Jizoeze sasa kukaa kwenye 81 bila vita. Watafiti wa London waliofuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya waliona kwamba kwa mtu wa katikati ilichukua siku 66 kabla tabia haijajiendesha yenyewe, huku makadirio yakitofautiana kuanzia siku 18 hadi 254, kwa hiyo usijilaumu ukiwa miongoni mwa wanaochelewa. Baada ya hapo, ukitaka kuendelea kushuka, utaendelea ukiwa umesimama mahali imara. Na katika kipindi hicho watakuja watu na chai za kupunguza tumbo na mikanda ya kubana. Chai hizo, baadhi yake, ni dawa za kuharisha tu, na mkanda hauyeyushi kitu.

SWALI

Asalaam aleikum, daktari. Mimi ni dereva wa lori, napeleka mizigo kutoka Mombasa hadi Malaba. Nina kisukari kwa miaka sita na natumia metformini pamoja na glibenklamidi. Tangu mwaka jana nimeacha soda na nyama choma za usiku, utingo wangu ananikumbusha kushuka na kutembea kila tukisimama, na nimepungua kilo 11. Lakini sasa, hasa nikichelewa kula, nashikwa na kutetemeka na jasho jembamba, mara mbili ikiwa ni barabarani. Je, huu ni uchovu wa kupungua?
Dereva, Mombasa

JIBU

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nakuomba ulichukulie jambo hili kwa haraka kuliko kila lililoandikwa kwenye ukurasa huu. Dalili ulizozitaja ni za sukari kushuka kupita kiasi. Dozi yako ilipangwa kwa mwili uliokuwa mzito zaidi, wenye soda na mlo mzito wa usiku. Mwili wa sasa unaiitikia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, vizuri zaidi, na glibenklamidi inaendelea kuilazimisha kongosho itoe insulini, umekula au hujala. Metformini peke yake ni nadra kuleta hali hiyo.

Nenda kliniki wiki hii, ukiwa na daftari la vipimo vya sukari kwa siku kadhaa na maelezo ya saa ulizotetemeka, daktari akupangie dozi upya. Usiache dawa kwa uamuzi wako, wala usiruke siku. Hadi hapo, ukisikia dalili, egesha lori mahali salama, pima ukiwa na kipimo, na kikisoma chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L) kunywa vijiko vidogo vinne vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu chupa ndogo ya soda yenye sukari. Hapo soda ni dawa. Pima tena baada ya dakika 15, kisha ule chakula cha kawaida. Madereva wenye kisukari nchini Uingereza huagizwa wasiendeshe mpaka sukari ifike 5 au zaidi na dakika 45 zipite tangu irudi sawa, na mimi nakuomba uifuate kanuni hiyo hapo ulipo, kwa sababu nyuma ya usukani wako kuna maisha ya wengine pia. Utingo naye afundishwe dalili na mahali sukari inapowekwa.

Upande wa tabia, yako ya kula unapofika kituoni inafaa kubadilishwa na kula kwa saa. Beba mayai ya kuchemsha, ndizi na njugu kiasi ndani ya gari, ili foleni ya Mariakani au ya mpakani isiamue wakati wa chakula chako. Tena usivunjike moyo kwa hili la dawa. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017, karibu nusu ya wagonjwa wa kisukari waliosaidiwa kupungua kwa mpango maalumu, asilimia 46, walikuwa baada ya mwaka mmoja na sukari isiyo ya kisukari bila kutumia dawa, na kati ya waliopungua kilo 15 au zaidi idadi hiyo ilikuwa asilimia 86. Walikuwa na kisukari kwa muda usiozidi miaka sita, na walisimamishiwa dawa na madaktari wao wakiwa chini ya uangalizi. Kupunguziwa dozi kwako itakuwa habari njema, mradi anayepunguza awe daktari.

SWALI

Kila Ramadhani napungua kilo tatu hivi, na Mfunguo Mosi haujaisha zimerudi zote. Nifanye nini zikae?
Msomaji, Unguja

JIBU

Sehemu ya kilo hizo huwa ni maji, na kurudi kwake ndani ya wiki chache ni jambo la kawaida, kwa hiyo usizihesabu kama hasara. Linaloweza kubaki ni mpangilio. Katika mwezi ule ulikula kwa saa zinazojulikana, na kutwa nzima hukutia kitu mdomoni. Baada ya Idi hurudi vile vidogo vidogo vya kati, visheti, kashata, chai ya saa nne na ya saa kumi. Chagua kimoja kati ya hivyo ambacho hutakirudisha. Ukifunga sita za Mfunguo Mosi, au Jumatatu na Alhamisi kama wengi wafanyavyo, ni vyema, ila siku hizo futari iwe chakula cha kawaida cha jioni, kwa kuwa tambi za sukari, kaimati na mihogo ya nazi katika jioni moja vinaweza kurudisha zaidi ya kilichopungua mchana. Na Ramadhani ijayo usiruke daku ukidhani utapungua zaidi. Kula uji wa mtama au maharage na yai, unywe maji ya kutosha, na wakati wa magharibi hutaufikia ukiwa na njaa isiyozuilika.